Kulala Mbudya na watoto: siku niliichagua kwa kufuata maji

Ukitaka kulala kisiwani Mbudya, karibu na Dar es Salaam, na watoto, na ukataka wayaone matumbawe bila kuyakanyaga, anza kwa kuhesabu mwezi wa angani kabla hujaanza kutafuta hema. Wavuvi wa Kunduchi wanalijua hili tangu utotoni. Sisi wengine wa mjini tunapanga safari kwa kuangalia Jumamosi na sikukuu, tukifika tunashangaa bahari imekwenda wapi.

Tunakaa Tegeta, kwa hiyo Mbudya ndicho kisiwa chetu. Ukisimama ufukweni Kunduchi unakiona kile pale mbele. Bongoyo nacho ni kizuri, ila boti zake huondokea Msasani, na mimi sikuwa tayari kuvuka jiji na watoto wa dada yangu, mahema na madumu ya maji kwenye foleni ya Bagamoyo Road. Dada alitaka twende mwezi ukiwa mpevu, tulale kwenye mbalamwezi. Nikaenda kwanza kumuuliza mzee mmoja mwenye boti.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu.”

Nikamweleza. Akauliza, “Na watoto mnao?” Nikasema ndiyo. “Basi mwezi kumi na tano ni bamvua. Njooni mwezi tisa au kumi, maji yamekufa. Mtaogelea vizuri.”

Hesabu yake ni hii. Aliposema mwezi tisa au kumi na tano, alikuwa anahesabu siku tangu mwezi uandame. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta bahari kwa pamoja, ndipo tunapata bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Hapa Dar es Salaam tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua huweza kuzidi mita 3. Wakati wa maji mafu, siku chache baada ya mwezi kufika nusu, tofauti hiyo hushuka hadi kama mita 1 tu. Na kuna jambo la pili ambalo kwangu lilikuwa kubwa zaidi. Siku za bamvua pwani yetu, maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa karibu saa nne asubuhi.

Fikiria maana yake kwa mtu aliyelala kwenye hema. Siku ya bamvua maji yanakusogelea saa kumi alfajiri, wakati kila mtu amelala fofofo. Ukiamka, ukanywa chai na kutaka kuingia majini saa nne, mwamba uko karibu na uso wa maji kabisa, na mtoto akichoka kidogo tu anasimama juu yake. Siku ya maji mafu unapata bahari imejaa asubuhi, jua liko juu vya kutosha kumulika chini, na kati ya tumbo la mtoto na matumbawe kuna maji ya kutosha. Hata dada alikubali nilipomwambia kwamba mwezi tisa bado una mwanga mzuri, unazama tu baada ya usiku wa manane, na ukishazama nyota zinaonekana zote.

Msimu tulichagua mwisho wa kaskazi, kabla ya masika. Kwa ruhusa, niliwasiliana mapema na wasimamizi wa hifadhi kuuliza ada ya kuingia na ya kulala, nikalipa, nikatunza risiti kwenye simu. Usiende kwa mazoea ya “tutaelewana hukohuko”. Kisiwa kile si ufukwe wa kawaida. Mwaka 1975 Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini vilitangazwa kuwa maeneo tengefu ya bahari, na tangu sheria ya mwaka 1994 viko chini ya Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Huvui humo, huokoti makombe, hukati mti.

Maji ya kunywa niliyabeba yote kutoka nyumbani. Nilipiga hesabu ya lita tano kwa kila mtu kwa usiku mmoja, ya kunywa, kupikia na kusuuza uso, kwa sababu joto la mwezi wa pili halina mchezo. Niliyagawa kwenye madumu madogo ambayo mtoto mkubwa anaweza kuyabeba akishuka kwenye boti, maana unashukia majini. Chakula kilikuwa rahisi: maandazi, mayai ya kuchemsha, maembe, na mchana samaki wa kuchoma na chipsi kutoka kwa wauzaji wa kisiwani. Jiko la mkaa tulikwenda nalo, pamoja na mkaa wake. Kuni zilizoanguka chini ya mivinje niliwakataza watoto wasiziguse. Na kabla boti haijang'oka nilihakikisha kila mmoja amevaa jaketi la kuokolea linalomtosha. Jaketi la mtu mzima likivalishwa mtoto wa miaka saba linampanda shingoni, halimsaidii.

Hema tulilisimika upande unaotazama bara, ambako kuna mchanga na upepo umepungua. Pale ufukweni utaona mistari ya mwani mkavu na majani yaliyoletwa na bahari. Mstari mbichi ni wa maji ya leo, na ule wa juu kabisa, uliokauka na kugeuka kahawia, ni alama ya bamvua iliyopita. Tulipiga hema juu ya ule wa juu kabisa, ingawa tulijua maji yamekufa. Vigingi vya kawaida havishiki kwenye mchanga wa kisiwani. Tulijaza mchanga kwenye mifuko ya viroba, tukafunga kamba za hema kwenye viroba hivyo, tukavifukia. Usiku upepo ulivuma na hema halikutikisika. Alfajiri ukaanguka umande, turubai likalowa, ila nguo na mikate vilivyokuwa ndani ya ndoo yenye mfuniko vilinusurika. Ndoo hiyo iliwazuia pia kaa, ambao usiku huzunguka kila mahali.

Jioni ile ile, kabla ya kuona mwamba wowote, watoto walifundishwa kuelea. Hili ndilo ninalolisisitiza kwa kila anayeniuliza. Tulianzia penye mchanga mtupu, maji ya kiunoni: jaketi limefungwa, miwani ya kuzamia usoni, bomba mdomoni, mikono imekunjwa kifuani, tumbo chini. Wakapumua hivyo mpaka hofu ikawatoka. Kanuni ikawa moja: ukichoka, ukiingiwa na maji, ukiogopa, geuka ulale chali, jaketi likubebe. Miguu haishuki. Mpwa wangu mdogo alirudia mara nyingi, akalia kidogo, kisha ghafla akaelewa, na hapo hakutaka tena kutoka majini mpaka jua likazama.

Asubuhi maji yakakaribia kujaa, tukaingia. Nilichagua muda huo kwa makusudi, kwa sababu maji yakifika ukingoni, kabla hayajaanza kurudi, mkondo hutulia. Katikati ya kupwa au kujaa mkondo huvuta, na mtoto anayeelea hajui kwamba anasogezwa. Nahodha alikaa karibu nasi na boti yake, mimi mbele, dada nyuma. Tulivaa fulana za mikono mirefu na suruali za kubana, hivyo tulihitaji mafuta ya jua usoni tu. Mafuta yanayopakwa mwili mzima huishia majini, juu ya viumbe wale wale tuliokwenda kuwaona.

Niliwaambia mapema kwamba tumbawe ni mnyama, na hawakuamini. Vinyama vidogo mno, maelfu kwa maelfu, kila kimoja kinajenga kikombe chake cha chokaa juu ya wenzake waliotangulia. Ndani ya miili yao wanaishi mwani wadogo wasioonekana kwa macho, ambao hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kuwapa rangi. Bahari ikipata joto kupita kiasi ushirika huo huvunjika, mwani hutoka, tumbawe hupauka, na joto likiendelea hufa kwa njaa. Mwaka 1998 mpauko mkubwa ulipita sehemu kubwa ya Bahari ya Hindi, na miamba yetu iliumia.

Jeraha jingine halikuletwa na joto. Tulipita juu ya sehemu ambayo ni kifusi kitupu, vipande vya matawi yaliyovunjika kama vigae vya nyungu. Uvuvi wa baruti ulitesa bahari ya Dar es Salaam kwa miaka mingi, na mlipuko mmoja huvunja kile kilichojengwa kwa miongo. Kifusi hicho hakitulii, kila wimbi linakigeuza, ndiyo maana kinyama mchanga wa tumbawe hapati pa kushika. Nilimwona mpwa wangu mkubwa anakitazama kwa muda mrefu. Kisha tukafika palipo hai, kuna pono wanaguguna mwamba, sauti yake unaisikia ukinyamaza, na vikundi vya samaki wadogo wa milia wanaingia na kutoka kwenye matawi.

“Mama mdogo,” akaniambia tuliporudi mchangani, “kwa hiyo vile vya kule navyo vilikuwa hivi?”

Nikamwambia ndiyo, vilikuwa hivi. Nilijibu kwa uchungu, kwa sababu ningependa wao wauone mwamba mzima.

Mchana tuliokota taka zetu zote, na za wengine kiasi cha viroba vilivyobaki baada ya kumwaga mchanga, zikaenda Kunduchi pamoja nasi. Tukifika nyumbani kazi haijaisha: hema, miwani, majaketi na jiko vyote husuuzwa kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, siku hiyo hiyo na kuanikwa kivulini, la sivyo chumvi inakula zipu na mipira. Dada yangu ameshachukua kalenda ya Kiislamu ukutani kwake na kutia alama kwenye tarehe tisa na kumi, ishirini na tatu na ishirini na nne, za kila mwezi mpaka masika.