Chokoleti Mtungini

Mjomba alifika na chokoleti ikiwa imeshageuka uji. Ilikuwa Desemba 2006, tuko likizo, na sisi watoto tulikuwa uani tukigeuza kakao kwenye turubai. Alishuka kwenye lori, akatoa mfukoni pakiti bapa, akaibonyeza kwa kidole, karatasi ikabonyea. Kampala hadi Fort Portal ilikuwa nzima, alisema. Iliyoimaliza ni barabara ya kushuka mlima, wakati ule bado ya murram, haijatiwa lami, maana ukishafika huku chini Sempaya, kwenye chemchemi za maji moto, hata upepo una joto.

Kwetu Bundibugyo nyumbani tulisema Kiswahili, kwa kuwa mama ametoka upande wa Beni, Kongo, ng'ambo ya mto Semuliki. Utamu tulioujua ulikuwa pipi za dukani, na ile nyama nyeupe ya kakao. Ukipasua tunda kwa panga unakuta mbegu zimejipanga, zimevikwa ute mtamu wenye uchachu kwa mbali. Tulifyonza, mbegu tukazirudisha kwenye beseni. Kupoteza hata moja ilikuwa kesi. Kuitafuna yenyewe hakuna aliyerudia, ni chungu mpaka ulimi unakauka.

Mama aliifunga pakiti kwenye mfuko wa plastiki akaitumbukiza mtungini. Mdogo wangu alikwenda kufunua kifuniko mara nne, hadi mama akavuta kigoda akakaa mbele ya mtungi, akachambua sombe, majani ya muhogo, palepale.

Baada ya kula akaifungua juu ya sahani. Ilikuwa imeganda, imepinda, ina ukungu mweupe juu. Tulikuwa watu tisa. Mama aliikata kwa kisu cha nyanya, polepole, na chembe zilizodondoka akazikusanya kwa ncha ya kidole akamlambisha mtoto wa mwisho.

Kipande cha kwanza kilikwenda kwa baba. Alikuwa amelima kakao tangu sijazaliwa na hajawahi kuonja chokoleti. Alikinusa. Akakivunja katikati, akakisogeza kwenye koroboi akatazama ndani, vile alivyokuwa akipasua mbegu zake: iliyovundikwa vizuri, yaani iliyofunikwa ikachachuka kabla ya kuanikwa, ni ya kahawia na ina nyufa, iliyoharakishwa hubaki zambarau. Ndipo akatia nusu mdomoni, akafumba macho.

Sisi tulikuwa tumeshamaliza vyetu. Nakumbuka kilivyoanza kuyeyuka vidoleni kabla sijakifikisha mdomoni, halafu utamu, na nyuma yake uchungu ninaoujua, uleule wa mbegu, lakini sasa umetulia.

"Hii ilikaa siku zake zote," baba akasema.

"Shemeji, wewe kula tu," mjomba akamwambia.

"Nakula. Lakini aliyevuna hii hakuwa na haraka."

Mwaka ule wengi pale kijijini walikuwa wakianika kakao siku ileile ya kuvuna, kwa sababu mnunuzi aliyekuja na mizani alilipa bei moja, uwe umevundika au hukuvundika. Baba alivundika siku sita, chini ya majani ya mgomba, akigeuza lundo kila baada ya siku mbili. Mikono yake ilinuka siki hata Jumapili. Majirani walimwambia anajitesa bure, na mama naye, ada ya shule ikikaribia, alimwambia hivyohivyo. Baba hakuwa na jibu. Alirudi kwenye lundo lake. Mimi nilimwonea uchungu, maana kwenye mizani kweli hakukuwa na tofauti.

Nusu iliyobaki hakuila. Aliikunja ndani ya ile karatasi ya kung'aa, akachukua tochi, akatoka. Tulinyamaza wote. Tulisikia mlango wa jirani ukigongwa, ukifunguliwa, kisha sauti ya baba, ya furaha ambayo sikuwa nimeizoea:

"Jirani, fungua mdomo."