Kwa treni hadi San Bernardino: kuifuata besi ya Quiet Riot

Nilishuka basi la namba 4 kwenye kona ya Santa Monica Boulevard na Crescent Heights saa tatu asubuhi. Palipokuwa na ukumbi wa muziki wa Starwood leo pana safu ya maduka na maegesho ya magari, na asiyejua historia atapita akidhani ni kona kama kona nyingine za Los Angeles. Ukumbi ulifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hata hivyo, anayetaka kuifuata Quiet Riot, bendi ya metali ya Los Angeles, aanzie hapa, maana hapa ndipo bendi ilipojaza watu miaka ile kampuni za kurekodi za Marekani zilipokuwa zikiipa kisogo.

Bendi ilianza mwaka 1973, si kwa jina hilo. Randy Rhoads wa gitaa na Kelly Garni wa gitaa la besi walikuwa marafiki wa tangu utotoni kutoka Burbank. Walijiita kwanza Mach 1, kisha Little Women. Wakampata mwimbaji Kevin DuBrow na mpiga dramu Drew Forsyth, na mwaka 1975 jina likawa Quiet Riot. Lilitokana na mazungumzo na Rick Parfitt wa bendi ya Status Quo, Mwingereza, aliyesema angependa kuwa na bendi iitwayo Quite Right. Kwa lafudhi yake, DuBrow akasikia kitu kingine kabisa.

Watu wengi husimulia habari za bendi hii kwa kumfuata DuBrow, kwa kuwa sauti yake haisahauliki. Mimi nasema mfuate mpiga besi. Kila mara Quiet Riot ilipogeuka, kiti cha besi kilitikisika kwanza, na karibu kila kosa la majalada yake linahusu besi. Ukishalijua hilo, orodha ndefu ya majina inayowachanganya wasikilizaji wapya inanyooka yenyewe.

Kutoka Starwood panda Crescent Heights kwa miguu kuelekea kaskazini hadi Sunset Boulevard. Ni mwendo wa dakika kumi, mlima kidogo. Hapo panda basi la namba 2 linaloelekea magharibi. Nauli ni dola 1.75, na ukilipa kwa kadi ya TAP unaweza kubadilisha basi au treni ya Metro ndani ya saa mbili bila kulipa tena. Ukilipa taslimu, huna haki hiyo. Nilishukia ukumbi wa muziki wa Whisky a Go Go, nambari 8901, kwenye kona ya Clark Street. Kutoka hapo kumbi nyingine zote ni kwa miguu: Roxy nambari 9009, Rainbow nambari 9015, na nambari 9039 mahali palipokuwa Gazzarri's. Kuanzia Whisky hadi pale huhitaji zaidi ya dakika saba.

Eneo hili ndilo lililoilea glamu metali: gitaa zito, viitikio vya kuimbwa na ukumbi mzima, nywele zilizotimuliwa, vipodozi na suruali za kubana. Lakini ukisimama hapa ukaangalia miaka, utaona jambo. Bendi ya Van Halen, waliocheza jukwaa moja na Quiet Riot katika chuo cha Glendale Aprili 1977, walikuwa na mkataba wa kampuni ya kurekodi ya Warner mwaka huohuo. Quiet Riot walipata mkataba wa CBS/Sony, na santuri zao mbili za kwanza, Quiet Riot na Quiet Riot II, zilitoka Japani tu, mwaka 1978. Nyumbani kwao hazikuuzwa dukani.

Hapo kosa la kwanza la jalada linaingia. Garni alitoka mwaka 1978 baada ya ugomvi, na nafasi yake ikachukuliwa na Rudy Sarzo, mzaliwa wa Havana. Jalada la Quiet Riot II linamwonyesha Sarzo. Besi unayoisikia ndani ni ya Garni, iliyorekodiwa kabla hajaondoka. Nimewasikia watu wakisifu mkono wa Sarzo kwenye santuri hiyo, na sikio lao halina kosa. Kosa ni la picha.

Onyo jingine kwa anayetafuta kazi za kipindi hicho. Mkusanyiko wa mwaka 1993 unaoitwa The Randy Rhoads Years ni rahisi kuupata kuliko santuri za Japani, ila DuBrow aliingia studio akaimba upya nyimbo zake. Unachosikia ni gitaa la kijana wa miaka ya sabini na sauti ya mwanaume wa miaka ya tisini. Kwa kumsoma Rhoads unafaa. Kwa kuisikia bendi ilivyokuwa, haufai.

Mchana nilipanda treni ya Metro, B Line, kutoka Hollywood/Highland hadi North Hollywood. Ni vituo viwili tu, ukipita chini ya vilima. Upande huu ndiko Delores Rhoads, mama yake Randy, alikoendesha shule ya muziki ya Musonia tangu mwishoni mwa miaka ya 1940. Randy alijifunza hapo, kisha akafundisha gitaa hapo mchana na kupanda jukwaani usiku. Musonia ni mahali pa familia, na Novemba 2019 wezi walivunja wakaiba vyombo, ikiwemo gitaa la kwanza la umeme la Randy, aina ya Harmony Rocket. Vingi vilipatikana baadaye. Mgeni atazame kwa nje, apite.

Nilitaka kupaona kwa sababu ya gitaa jingine. Randy alimwagiza fundi Karl Sandoval amtengenezee gitaa la umbo la V, jeusi lenye madoa meupe ya duara, la kuendana na tai yake ya kipepeo yenye madoa. Shingo yake ilitoka kwenye gitaa la Danelectro. Gharama ilikuwa dola 738, na alilichukua Septemba 1979. Yaani alilipa fedha hizo kwa ajili ya jukwaa la Quiet Riot, na mwezi huohuo akafanyiwa majaribio na Ozzy Osbourne, mwimbaji wa metali wa Uingereza. Dunia ililiona gitaa la madoa mikononi mwake akiwa na Ozzy. Quiet Riot ikasambaratika, DuBrow akaendelea na kundi alilolipa jina lake mwenyewe, na mwaka 1981 Sarzo naye akaenda kwa Ozzy, kwa pendekezo la Rhoads.

Siku ya pili ni ya Metrolink, treni za masafa marefu kuliko Metro. Treni za San Bernardino Line zinaondoka Union Station, na mwisho wa njia ni San Bernardino Downtown. Tiketi yake ni tofauti na ya Metro, kwa hiyo usidhani TAP yenye salio la basi inatosha. Nunua kwenye mashine au kwenye simu kabla ya kupanda. Tenga zaidi ya saa moja na nusu. Kaa kushoto ukielekea mashariki, uone milima ya San Gabriel njia nzima. Hadi El Monte reli inapita katikati ya barabara kuu, magari huku na huku, halafu inajitenga kuelekea Covina, Claremont, Rancho Cucamonga na Fontana.

Nilikuwa na Metal Health, santuri ya Quiet Riot ya 1983, mkobani, na safari hii inatosha kuisikiliza yote mara mbili.

Tarehe 19 Machi 1982, Rhoads alikufa kwa ajali ya ndege ndogo huko Leesburg, Florida, akiwa na miaka 25. Sarzo alikuwa kwenye msafara uleule, akabaki hai. Wakati huo DuBrow alikuwa akikusanya kikosi kipya Los Angeles: Frankie Banali wa dramu, Carlos Cavazo wa gitaa, Chuck Wright wa besi. Sarzo aliitwa studio apige Thunderbird, wimbo wa kumkumbuka Rhoads. Ule uhusiano wa zamani ukafufuka, akabaki, na jina la Quiet Riot likarudi. Kwa hiyo kosa la pili: kwenye wimbo wenye jina la santuri, Metal Health, na kwenye Don't Wanna Let You Go anapiga Chuck Wright, na zilizobaki ni za Sarzo, ingawa kwenye video utamwona Sarzo. Sikiliza Slick Black Cadillac pia. Wimbo huo ulikuwa tayari kwenye Quiet Riot II, na ukizisikiliza zote mbili mfululizo utagundua Banali alibadilisha nini: uzito ulishuka kutoka kwenye gitaa ukatua kwenye dramu.

Banali huyohuyo ndiye aliyeokoa Cum On Feel the Noize. Mtayarishaji Spencer Proffer alitaka warudie wimbo huo wa Slade, bendi ya Uingereza, DuBrow akaukataa. Bendi ikakubaliana isiufanyie mazoezi hata kidogo, ili siku ya kurekodi uvurugike wenyewe na Proffer akate tamaa. Siku ilipofika Banali akaanza na ile midundo ya mwanzo, wenzake wakamfuata, na uchezaji ukawa mtamu mno wa kutupwa. DuBrow, aliyekuwa pembeni akisubiri aibu, akabaki mdomo wazi. Tepu ilikuwa inazunguka. Wimbo ulifika nafasi ya 5 Marekani, na tarehe 26 Novemba 1983 santuri ikashika namba 1, ikiishusha Synchronicity ya The Police. Ni bendi ya kwanza ya metali ya Los Angeles kufika pale na santuri yake ya kwanza ya Marekani, na ndiyo iliyowafungulia wenzake milango ya kampuni zilizokuwa zimefungwa.

Kuanzia Claremont na kuendelea ni habari ya kushuka, na siipendi kuirefusha. Santuri ya Condition Critical ya 1984 ilirudia mbinu ileile, hadi wimbo mwingine wa Slade. DuBrow aliwatukana wanamuziki wenzake magazetini mpaka mlango aliowafungulia ukamfungia yeye. Sarzo aliondoka Januari 1985, Wright akarudi. Mwaka 1987 bendi ikamfukuza DuBrow mwenyewe, ikamleta Paul Shortino wa Rough Cutt, na Sean McNabb akakaa kwenye besi; santuri ya 1988 ikatoka bila hata mwanachama mmoja wa kikosi cha miaka ya sabini. Mwaka 1993 DuBrow amerudi, besi ni Kenny Hillery. Kisha Wright tena. Mwaka 1997 Sarzo anarudi na wale wanne wa Metal Health wako pamoja hadi 2003. Kwenye santuri ya Rehab ya 2006 anapiga Tony Franklin, jukwaani yuko Wright.

DuBrow alikutwa amekufa nyumbani kwake Las Vegas tarehe 25 Novemba 2007. Banali aliifufua bendi mwaka 2010 baada ya kupata baraka za mama yake DuBrow, na waimbaji wakapishana: Mark Huff, Scott Vokoun, Jizzy Pearl, Seann Nicols, James Durbin, kisha Pearl tena. Santuri ya Road Rage ya 2017 ilirekodiwa na Nicols, sauti yake ikafutwa, Durbin akaimba upya. Banali alipiga dramu huku akiugua saratani ya kongosho, akafa tarehe 20 Agosti 2020, akiwa ameacha usia kwamba bendi iendelee. Mwaka uliofuata Sarzo akarudi kwenye kiti chake.

San Bernardino ina joto kali kuliko pwani, beba maji. Kutoka Downtown nilipanda basi la sbX, linalopita E Street kuelekea kaskazini, nikashuka Highland, nikatembea mashariki kama kilomita moja na nusu hadi kona ya Waterman. Makaburi ya Mountain View yako hapo. Ukifika omba ramani ofisini, maana eneo ni kubwa, na uwahi kabla malango hayajafungwa jioni. Kaburi la Rhoads ni jeupe, limejengwa juu ya ardhi, jina lake limechongwa kwa herufi kubwa. Wageni huacha vile vipande vidogo vya plastiki vya kupigia gitaa, vingine vimepauka kwa jua hata rangi huijui.

Ukisimama hapo, kaskazini-magharibi, kama kilomita 14 kwa mstari ulionyooka, ni Glen Helen, chini ya milima. Usafiri wa umma wa kufika huko ni wa tabu. Mimi nilikodi teksi. Ni bustani ambako Jumapili ya tarehe 29 Mei 1983 lilifanyika tamasha la US Festival, siku ya metali, kwa fedha za Steve Wozniak wa Apple. Quiet Riot walipanda jukwaani wa kwanza, santuri yao ikiwa na miezi miwili tu. Wa pili Mötley Crüe. Wa tatu alikuwa Ozzy Osbourne, na gitaa lake lilikuwa mikononi mwa Jake E. Lee. Bendi zote mbili za Randy Rhoads zilipiga siku moja, miezi kumi na minne baada ya kuzikwa kwake, karibu na kaburi lake kiasi hiki, na Sarzo aliyepiga naye katika zote mbili alikuwa jukwaani na ile ya kwanza.