Transista kubwa za zamani zisizo na namba: kuzitambua na kuzipima

Sanduku la vipuri chakavu la fundi wa amplifaya hapa Kampala halikosi transista za TO-3: kofia ya chuma juu ya bamba lenye matundu mawili ya skrubu, namba imefutika. Usikimbilie kuisugua kwa thina, maana itaondoa hata wino uliobaki. Paka unga wa chaki, futa taratibu, kisha mulika kwa tochi kutoka ubavuni. Mara nyingi herufi mbili tatu hujitokeza.

Zisipojitokeza, weka mita kwenye hali ya kupima daiodi. Transista ina ncha tatu: besi inayodhibiti, na kolekta na emita zinazopitisha mkondo mkubwa. Kwa kawaida chuma chenyewe ndicho kolekta. Tafuta pini ambayo, ukiiwekea waya mmoja wa mita, inasoma kwenye chuma na kwenye pini ya pili pia. Hiyo ni besi. Ikiwa waya huo ni mwekundu, una NPN (NPN na PNP ni aina mbili za transista, mkondo wa moja ni kinyume cha nyingine). Ikiwa mweusi, PNP. Usomaji wa karibu volti 0.5 hadi 0.6 ni silikoni, kama 2N3055. Ukiona 0.1 hadi 0.25, hiyo ni gemaniamu, familia ya OC28 na AD149. Kwa transista ya kawaida, kati ya kolekta na emita mita isisome kitu upande wowote, ingawa gemaniamu huweza kusoma kidogo kwa sababu ya kuvuja.

Hapa ndipo transista nzima nyingi hutupwa. Dalingtoni, yaani transista mbili zilizounganishwa ndani ya kofia moja, huweza kusoma juu zaidi ya kawaida kati ya besi na emita. Transista inayoendesha flaibeki (transfoma ya volti ya juu) ya TV za zamani, mfano BU208D, ina rezista ya makumi ya omu ndani, kati ya besi na emita, hivyo kwenye daiodi huonekana kama imeshoti. Hamia kwenye omu: makumi ya omu pande zote mbili ni rezista, sifuri ni maiti. Na isipolingana na lolote kati ya haya, huenda si transista kabisa; regyuleta (kidhibiti volti) kama LM317K huvaa chuma hichohicho.

Mita haipitishi mkondo wa kutosha kuonyesha nguvu, kwa hiyo chukua betri ya volti 12 na balbu ya indiketa ya boda boda, wati 10. Kwa NPN: emita kwenye hasi, balbu kati ya chanya na kolekta, besi ikiwa wazi. Balbu ikiwaka, transista imeshoti. Sasa unganisha rezista ya omu 470, nusu wati, kutoka chanya hadi besi. Besi inapata kama miliampia 24. Balbu ikiwaka kikamilifu inakula ampia 0.8, yaani ukuzaji (mkondo wa kolekta ukigawanywa kwa wa besi) si chini ya 33 hivi. Ikiwa hafifu, ukuzaji ni mdogo, na usiiache muda mrefu, kwani joto linabaki ndani ya transista. Kwa PNP, geuza betri.

Gemaniamu ipime asubuhi. Uvujaji wake huongezeka takribani maradufu kwa kila nyuzi 10, na iliyoachwa juani mchana itakudanganya kuwa imeharibika.

Volti ya juu inayostahimili haionekani kwa balbu. Isiyo na namba irudishe kwenye volti zilezile za mashine ilikotoka. Usiijaribu kwenye amplifaya ya volti 70 eti kwa kuwa balbu iliwaka. Zenye kauri nyeupe za masafa ya redio usizikate kuchungulia ndani: huenda kuna oksidi ya beriliamu, na vumbi lake ni sumu kwa mapafu.