Sheria inaangalia mkono tu

Wiki iliyopita nimepitiliza kona ya kwangu mwenyewe. Kona ninayokata kila siku jamani! Simu ilikuwa kwenye stendi, sauti inatoka kwenye spika za gari, mikono yote miwili iko kwenye usukani, yani kisheria niko msafi kabisa, ila nilikuwa nabishana na kaka yangu kuhusu hela aliyokopa kwangu na nilivyokuja kushtuka kona nimeshaiacha nyuma, na taa niliyopita pale katikati hata sikumbuki ilikuwa rangi gani.

Ndo nikaanza kusoma hizi sheria za nchi za watu. Uingereza walikataza kushika simu ukiendesha tangu 2003, halafu 2022 wakakaza zaidi, sasa hivi hata kupiga picha au kutafuta wimbo ukiwa umeishika ni kosa, hata kama umesimama kwenye taa nyekundu au foleni haisogei. Faini pauni 200 na pointi 6 za adhabu kwenye leseni, na kama leseni yako haijafikisha miaka miwili hizo 6 zinatosha kukunyang'anya. Marekani kila jimbo na lake, New York ndo walitangulia 2001, California wao simu ikae kwenye stendi na uguse mara moja tu au uteleze kidole mara moja basi.

Mi sipingi. Kutuma meseji ukiendesha ni wazimu, kwa spidi ya 80 kila sekunde gari linakula mita 22, ukiinamia meseji kwa sekunde tano tu umeshaenda zaidi ya mita mia bila kuona barabara.

Ila ona sasa, zote hizo zinakimbizana na mkono. Kuna utafiti wa Canada wa 1997, ulikuta anayeongea na simu hatari yake ya kugonga ni kama mara nne, na waliotumia simu bila kuishika hawakuonekana kuwa salama zaidi ya walioshika. 1997! Na 2011 bodi ya Marekani inayochunguza ajali, NTSB, ikapendekeza zote zipigwe marufuku, ya kushika na ya kutoshika, mpaka leo hakuna jimbo lililofanya hivyo kwa madereva wote. Naelewa lakini, polisi ataona simu sikioni, ugomvi wako na kaka yako atauonea wapi?

Mtu ataniuliza mbona tunaongea na abiria. Abiria yuko humo humo na wewe, lori likiingia ghafla mbele anakata maneno mwenyewe, saa nyingine anapiga kelele kabla yako. Kaka alikuwa kwao kakaa kwenye kochi, yeye anaendelea tu kujitetea.

Sasa hivi nikiwa barabarani simu naiweka kimya nyuma ya siti. Kaka anasema namkwepa, eti "si una blutuu wewe?" Na hela hajarudisha.