Enka imeteguka: ninavyoipima kabla ya kuifunga

Kwenye mechi za mchangani, mchezaji akishika mguu tu husikia "enka hiyo", yaani kifundo cha mguu, na mtu wa pili ameshaitisha maji ya moto. Mimi naanza kwa kuuliza mguu ulipindaje. Mara nyingi unyayo umeingia ndani huku vidole vikielekea chini: ametua kutoka kupiga kichwa, akakanyaga mguu wa mwenzake au shimo. Hapo zinazovutika ni ligamenti, nyuzi zinazofunga mfupa kwa mfupa, za upande wa nje. Hutangulia ile ya mbele ya kifundo. Nguvu ikizidi hufuata inayoshuka kwenye kisigino. Lakini kama unyayo ulizungushwa kwenda nje na maumivu yako juu ya kifundo, kati ya mifupa miwili ya muundi, hilo ni jeraha jingine, na hukawia zaidi kupona.

Kabla ya kutaja daraja la jeraha natafuta mfupa uliovunjika, kwa kanuni za Ottawa zilizotolewa Kanada mwaka 1992. Nabonyeza ncha ya kila jicho la mguu, la nje na la ndani, na ukingo wake wa nyuma hadi sentimita 6 kwenda juu. Kisha nabonyeza shina la mfupa unaoelekea kidole kidogo, katikati ya ukingo wa nje wa unyayo, na mfupa uliotuna mbele ya jicho la ndani. Mfupa ukiuma popote hapo, au akishindwa kupiga hatua 4 uwanjani na tena anapopimwa, apigwe eksirei. Kuchechemea kunahesabika kuwa ametembea. Mtoto namtuma hospitali kwa shaka ndogo tu, kwa sababu sehemu ya mfupa inayokua huweza kuachia kabla ya ligamenti.

Daraja la 1, nyuzi zimevutika: uvimbe mdogo, kifundo imara. La 2, baadhi zimekatika: kuna uvimbe, damu imevilia, anachechemea. La 3, ligamenti imekatika kabisa na kifundo kinacheza. Siku ya kwanza daraja ninaloandika ni la muda, maana uvimbe na misuli iliyokaza huficha ulegevu. Siku ya 4 au ya 5 navuta tena kisigino mbele huku nimeshikilia muundi, nalinganisha na mguu mzima. Hapo ndipo naandika daraja la kudumu.

Bandeji naianzia karibu na vidole kupanda juu, ikibana zaidi chini kuliko juu. Vidole vikipoa au kufa ganzi, naifungua. Mguu unainuliwa kupita usawa wa moyo. Barafu hufungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20, na kurudiwa baada ya saa 2 au 3. Inatuliza maumivu, haiungi ligamenti. Maji ya moto, pombe na kuchua kwa nguvu navizuia siku 3 za mwanzo, kwani huongeza kuvuja damu na uvimbe.

Maumivu huisha kabla mguu haujarudisha uwezo wa kuhisi umekaaje, ndiyo maana enka ileile huteguka tena. Simruhusu kucheza mpaka asimame kwa mguu huo macho yamefumbwa, aruke kwa mguu mmoja sawa na ule mzima, kisha akimbie zigizaga na mpira bila kuukwepesha mguu huo. Hata akifaulu yote, mechi za mwanzo anavaa kikinga enka.