Mafuta ya cherehani

Juzi Mama Junior kairudisha cherehani yake kutoka kwa fundi, akaiweka mezani akaanza kuitia mafuta, tone hapa tone pale, mimi nipo kwenye kochi nasoma grupu la mtaa, harufu ikanifikia nikaacha kusoma. Mafuta ya cherehani hata hayanuki sana, wengine hawasikii kitu kabisa, ila mimi yakinifikia puani nasikia na jiwe linagonga mlango.

Sasa na siku yenyewe grupu lilikuwa linawaka. Wale wa geti la bluu waliingiliwa Jumanne usiku, tivii mbili na laptopu zimekwenda, na tangu hapo kila mwanaume wa mtaa huu amekuwa kamanda. Huyu anataka fensi ya umeme, yule anajua mtu anauza mbwa, na jirani yangu wa kona (mnamjua, nishamwandika sana) yeye anasema dawa ni bastola tu, unaanzia serikali ya mtaa, unaenda polisi, kamati ya ulinzi na usalama inakujadili, ukiwa huna makandokando unapewa. Mama Junior bila hata kuinua kichwa akasema, "Baba Junior, na sisi si tuombe? Si kwenu mlikuwa nayo?"

Tulikuwa nayo ndiyo.

Hiyo ni Nyakanazi, kule Kagera, 1998 mwanzoni, Elinino bado inamwaga. Nyakanazi ilikuwa njia panda tu, huku Kahama, huku Biharamulo, huku Ngara, huku Kibondo, na kila upande pori. Mabasi yalikuwa yanasindikizwa na polisi wenye bunduki, maana vita za majirani, Rwanda ile ya 1994 na Burundi ambayo ilikuwa bado inaendelea, zilimwaga silaha kwetu kama mahindi, na majambazi wa porini walikuwa hawaji na panga tena. Mzee alikuwa na duka la jumla, sukari, sabuni za mche, magodoro, spea za baiskeli, duka liko mbele sisi tunalala nyuma. Ndo akaomba kibali, akapata shotigani ya mtutu mmoja, ile ya kukunja, na risasi tano za kizamani zenye ganda la karatasi ngumu nyekundu na kitako cha shaba.

Mama hakuipenda toka siku ya kwanza. Alikubali kwa sharti moja, bunduki na risasi visilale chumba kimoja. "Vikilala pamoja vitazaa," alisema. Basi bunduki ikawa inalala chini ya godoro la mzee, na risasi zikakaa jikoni kwenye kopo la Blue Band, juu ya kichanja, pembeni ya mfuko wa chumvi. Na mnajua chumvi msimu wa mvua inavyofanya, ilikuwa inatoka maji yenyewe mpaka inadondosha. Hakuna aliyefikiria.

Usiku ule mama hayupo, yuko msibani Runzewe, tuko mzee na mimi na wadogo zangu wawili. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Kilichoniamsha ni Fatuma. Kwa wasiomjua, Fatuma ni jiwe, lile jiwe kubwa wanalibeba watu wawili watatu wanalirusha mlangoni kwa pamoja. La kwanza nilidhani radi. La pili nikaona vumbi linashuka kutoka kwenye dari. Mzee alikuwa ameshaingia chumbani kwetu na msuli kiunoni, kifua wazi, bunduki mkononi, akanikamata bega akaniambia sikioni, kopo. Nikatambaa jikoni nikaleta kopo. Akanipa tochi, akasema ifunike na kiganja, basi mwanga ukawa unapita kwenye vidole vyangu mwekundu kama makaa, na kwenye mwanga huo ndo nikamwona mzee anakunja bunduki, anachomeka risasi, na risasi haiingii.

Ilikuwa imevimba. Akaitoa akachukua nyingine, nayo imevimba. Ya tatu. Zote zinaingia nusu zinakwama. Fatuma akagonga tena. Mzee akaitia risasi mdomoni akailamba, wallahi, akajaribu tena, bado. Mikono yake ilikuwa inatetemeka na mimi ndo mara ya kwanza naona mikono ya baba yangu inatetemeka, nikawa naiangalia ile mikono badala ya kuogopa. Halafu akasema mafuta. Mafuta gani? Ya mama yako, ya cherehani.

Cherehani ya mama ilikuwa ukumbini, hatua kama sita hivi, na ukumbi ndo unapakana na duka. Nilikwenda kwa tumbo. Nikasikia wanavyohema kule upande wa pili wanapoliinua jiwe, kama watu wanaopakia gunia. Kichupa nikakipata kwenye droo kwa kupapasa, nikarudi, mzee kanyoosha risasi, mimi kumimina. Alitaka tone. Mimi nilimwaga, nadhani nusu kichupa, yakatiririka kwenye risasi yakanishukia mpaka kwenye kiwiko, yakalowanisha kanzu niliyokuwa nalalia. Risasi ikaingia. Akaikunjua bunduki ikasema kachaa, na sekunde hiyohiyo mlango wa duka ukaanguka.

Kati ya duka na sisi kulikuwa na mlango mmoja wa mbao. Mzee akapiga goti ukumbini akaulenga. Mimi nyuma yake na tochi nimeizima, mafuta yananichuruzika. Kule dukani wanahamisha mali, tunasikia magodoro yanaburuzwa. Halafu mmoja akasogea mpaka mlangoni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mteja, "Mzee, tunajua unayo. Baki nayo huko, na sisi tunabaki huku."

Kimya. Nilisubiri mlio, nilikuwa nimeshaziba masikio kwa mabega. Mzee akameza mate nikasikia. Kisha akasema, "Daftari msichukue."

"Lipi?"

"La madeni. Jeusi, hapo kwenye mizani."

Yule mtu akakaa kidogo. "Sawa mzee."

Basi. Mwano, ule ukelele wa kuitana, ulipopigwa na sungusungu kufika na pinde zao, wameshaondoka na sukari na magodoro na pesa yote. Daftari tulilikuta juu ya mizani, limefungwa. Asubuhi polisi wakaja, wakaandika, wakauliza mbona hukufyatua, mzee akasema kulikuwa na watoto. Kijiweni walimsema sana, eti ana bunduki ya picha. Mama aliporudi alikagua watoto kwanza, halafu duka, halafu akauliza nani kamaliza mafuta yangu.

Siku chache baadaye jua likatoka, mzee akazianika risasi kwenye ungo, uwanjani, pembeni ya ungo wa dagaa, mimi nimewekwa kufukuza kuku. Zikasinyaa. Akanichukua tukaenda shamba nyuma ya migomba, kwenye kichuguu. Akaweka ileile ya mafuta, akalenga, akavuta.

Tak.

Hamna. Akasubiri, bunduki bado imeelekea kwenye kichuguu, akasubiri sana, akaikunja akaitoa. Kile kiduara cha katikati kwenye kitako, panapogongwa na sindano, kilikuwa kimebonyea vizuri kabisa, yaani kazi ya bunduki imefanyika ila risasi imekataa. Akaweka nyingine ambayo haikuguswa na mafuta, hiyo ililia mpaka kunguru wakatoka Biharamulo nzima, na sungusungu wakaja mbio tena kwa mara ya pili wiki hiyo. Mzee akainusa ile mbovu. Akaniangalia mkono.

"Ulimimina kiasi gani?"

Nikamwonyesha. Akaitia mfukoni, hakusema kitu mpaka tunafika nyumbani.

Sasa mimi hesabu hii nimeifanya miaka yote na hainikai. Kama ule mlango ungefunguliwa, bunduki ingesema tak na sisi wote tungekuwa tumekwisha, na mkosaji ni mimi. Halafu upande mwingine nawaza, vipi kama mzee alivuta? Nilikuwa nyuma yake, gizani, masikio nimeyaziba. Vipi kama alivuta kwanza, ikamkatalia, ndo akaanza habari za daftari? Nimekaa naye miaka mingi baada ya hapo na sikuwahi kumuuliza, kila nikitaka naona ni kama kumvua nguo.

2016, serikali ilipotangaza uhakiki wa silaha, nikampeleka mwenyewe na bunduki imefungwa kwenye kitenge cha mama. Kule kaunta akasema haji kuhakiki, anarudisha moja kwa moja, amezeeka. Askari akazihesabu zile risasi, nne, akaishika mojawapo akaigeuza geuza, karatasi yake ilikuwa nyeusi na bado inateleza. Mzee akamuuliza kama hiyo moja anaweza kubaki nayo.

"Ya kazi gani mzee? Hii si mbovu?"

"Ndo hiyohiyo naitaka," mzee akasema.

Hawakumpa, risasi ni risasi.

Mama Junior bado anasubiri jibu. Nilimwambia tu, hayo mafuta umeweka mengi.