Siku moja maishani mwangu: nasoma volkano zilizokufa zamani

Saa 2 asubuhi. Hadubini imewashwa kabla sijavua koti. Chini ya lenzi kuna granaiti, yaani magma (mwamba ulioyeyuka) iliyopoa chini ya volkano za kale, ya milima ya Sierra Nevada, Marekani, iliyosagwa hadi ikabaki unene wa milimita 0.03, nyembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Natafuta honiblendi. Hii hapa: ya kijani, na nikiizungusha inageuka kahawia.

Madini haya nayapenda kwa sababu yana maji ndani ya umbo lake, na maji hayo yana historia. Bamba la baharini, yaani kipande kikubwa cha ganda la dunia, linapozama chini ya bara, huenda na maji yake, kwenye matope na ndani ya miamba. Likifika kina cha kilomita 100 hivi, joto na shinikizo huyakamua. Yanapanda hadi kwenye mwamba wa moto ulio juu ya bamba, nao unaanza kuyeyuka, maana mwamba wenye maji huyeyuka kwa joto dogo kuliko mkavu. Wengi hudhani bamba lenyewe ndilo linaloyeyuka na kutoka volkano. Kwa kawaida sivyo.

Saa 4. Zamu yangu ya leza, ambayo imegoma nusu saa nzima. Napima urani na madini ya risasi ndani ya punje za zirkoni, madini madogo sugu; urani hugeuka risasi polepole, hivyo uwiano wao hutoa umri. Umri unakuja miaka milioni 92, 94, 91. Halafu punje moja inatoa bilioni 1.7! Zamani ningedhani nimekosea. Siku hizi najua ni punje kongwe iliyomezwa na magma ikiwa njiani kupanda.

Saa 7. Chakula, harakaharaka.

Saa 8. Mwanafunzi wangu ana swali: "Mwalimu, kama granaiti hii ni tumbo la volkano, zenyewe zilienda wapi?"

Vilele vililiwa na mmomonyoko. Moto wenyewe ulihama. Bamba la Farallon lilikuwa likizama pale, kisha, kwa maelezo yanayokubalika zaidi, likalala karibu bapa chini ya bara. Volkano za Sierra zikazimika miaka milioni 80 na kitu iliyopita, magma ikaibukia mbali mashariki. Miaka kama milioni 30 iliyopita, safu ya milima ya chini ya bahari lilikozaliwa bamba hilo nayo ikafika pwani. Kuzama kukakoma hapo, mabamba yakaanza kupishana kando kwa kando: ndio ufa wa San Andreas huko California. Kipande kilichobaki kaskazini, Juan de Fuca, bado kinalisha volkano za Cascade, kaskazini-magharibi mwa Marekani, na ukanda huo unaendelea kufupishwa kutoka kusini.

Saa 10. Namfungulia ramani ya matetemeko ya Andes, Amerika Kusini; kila nukta ni tetemeko, nazo huonyesha bamba linapopita. Mahali pengi nukta zinashuka kwa mteremko mkali, na juu yake kuna volkano. Chini ya Peru zinashuka, kisha zinanyooka kwa mamia ya kilomita. Bamba la Nazca, linalozama pale, limelala, halikuacha nafasi ya mwamba wa moto juu yake. Matokeo yake ni pengo la zaidi ya kilomita 1,000 bila volkano hai hata moja.

Anakodolea macho lile pengo. "Kwa hiyo chini pale kuna granaiti yenye zirkoni kama hizi?"

"Ipo. Mahali pengine mmomonyoko umeshaifunua; kwingine usubiri uondoe kilomita kadhaa kwanza."

Amecheka, akachukua begi lake.